Ndege wa Spika Kubwa

Siku ya sabini na tatu ya eda yangu, ndege aliimba sebuleni kwangu kutoka kwenye spika ya serikali. Watu wote walifurahi, mimi nikaogopa.

Sikuiogopa spika. Nimeishi na spika miaka kumi na moja ya ndoa yangu. Marehemu mume wangu, Hemedi Shekuwe, alikuwa mnasa sauti wa msitu wa Kwembwizi. Alivifunga vinasa vitatu juu ya miti, akivishusha vikiharibika, na kila asubuhi sauti ya msitu ilifika nyumbani kwetu na kwenye ofisi ya misitu. Alipofariki niliirithi kazi mpaka msimu uishe, maana sheria inataka anayeanza msimu na anayeumaliza wawe wa nyumba moja. Kwa mwanamke wa eda haikuwa kazi mbaya. Vinasa vilijiwasha vyenyewe alfajiri, nami nilikaa ndani nikichambua mchele, nikiusikiliza msitu kwa spika ndogo ya jikoni, ile iliyopasuka upande mmoja.

Siku hiyo alikuja afisa kuusoma msitu. Anaitwa Nsia Kimambo, binti wa miaka thelathini hivi, mtulivu, anayevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Miaka mingine msitu husomwa kwenye ofisi ya kijiji, lakini shahidi wa sauti lazima awepo, na shahidi ni mimi, na mimi sitoki. Basi wakaja wao. Wanaume wakakaa barazani pamoja na Mzee Kiondo, mwenyekiti wetu. Wanawake wakaingia ndani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba.

Nsia alisimamisha sebuleni spika kubwa, ndefu kama mtungi, akaipa rekodi ya asubuhi ileile. Nilikuwa nimeshaisikiliza jikoni, kwa hiyo nilijua kilichomo: chemchemi, upepo, nyenje, nyuki, na chura mmoja mvivu. Kwenye spika kubwa maji yalikuja karibu hata nikavuta miguu. Nikasema moyoni, subhanallah, hii ni spika. Halafu, katikati ya upepo, ndege akaita. Pii, pii, pii-yo.

Barazani watu wakamshukuru Mungu. Mzee Kiondo akasema kwa sauti kwamba yeye humsikia ndege huyo kila siku akienda shambani, na wale wa ofisini wanaodai msitu wa Kwembwizi umekufa wana masikio ya kuazima. Watu wakacheka, na Nsia naye akatabasamu, maana wa ofisini ni yeye.

Tulikuwa na sababu ya kufurahi. Kishonamajani, ndege mdogo wa kijivu anayeshona jani kwa jani kutengeneza kiota, ndiye kipimo chetu. Akisikika, msitu unaandikwa hai, unabaki umefungwa, haukatwi. Asiposikika, unaandikwa mfu, na msitu mfu hukabidhiwa wapandaji, ambao huung'oa na kuweka miti yao ya kukua haraka. Kijiji cha ng'ambo ya bonde walikabidhi wa kwao. Ile miti ilikunywa mto ukaisha, na leo wenzetu wanapanga ndoo Jumanne na Ijumaa wakisubiri gari lisilo na dereva liwaletee maji. Sisi bado tunakinga chemchemini.

Nilimwuliza Nsia, pazia likiwa katikati yetu, kama ile ni rekodi ya leo kweli. Akasema ni ya leo, saa kumi na mbili na dakika nane. Nikamwuliza mbona jikoni sikumsikia ndege. Akanijibu kwa heshima kwamba spika yangu ni ndogo, Mama, na tena mbovu. Akaniachia ile kubwa, kwa kuwa ni nzito na angerudi baada ya siku tatu kuchukua neno langu. Neno lenyewe ni fupi. Shahidi hutamka, “Nilichosikia ndicho kilichopo,” anaweka kidole, basi, msitu umepata mwaka mwingine. Hemedi aliitamka sentensi hiyo mara kumi na moja.

Walipoondoka nilisimama kuswali adhuhuri, nikasahau niko rakaa ya ngapi. Nikarudia, nikasahau tena.

*

Wifi yangu Riziki, dada wa marehemu, alihamia kwangu tangu msiba ili anipikie na kunitumikia huko nje nisikokwenda. Kazi yake mwenyewe ni kukodisha spika za shughuli: harusi, maulidi, vikao vya kampeni. Asubuhi ya pili nilimwomba alete moja nyumbani.

Alinitazama kwanza. “Mjane wa eda anataka spika ya shughuli,” akasema. “Wifi, watu watasema umeshapata mchumba, na ana bendi.”

Nilimwambia alete tu, sauti tutaiweka chini. Akaleta kubwa yenye magurudumu, tukaiunganisha na rekodi ya siku iliyotangulia, dakika ya nane baada ya saa kumi na mbili. Hata hiyo sauti ya chini haikuwa chini. Chemchemi iliunguruma kama lori linalopanda mlima. Nyenje walikuwa mafuta yanayokaanga. Yule chura mvivu akageuka ngoma, vikombe vikacheza kabatini, mbuzi wa jirani akaja kusimama dirishani. Ndege hakuna. Tulirudia mara tatu, hakuna. Riziki akasema tusiihukumu spika yake, imezoea besi, vidogo inavimeza.

Hapo nilichanganyikiwa kabisa. Asubuhi ilikuwa moja na misitu ilikuwa mitatu. Jikoni msitu ulikuwa mgonjwa anayevuta pumzi, kwenye spika ya Riziki ulikuwa karakana, na kwenye ile ya ofisi ulikuwa bustani. Mimi natakiwa niapie mmoja, na sijui ni upi Mwenyezi Mungu ameuumba.

Niliiwasha ile kubwa ya ofisi nikasogeza kiti mpaka goti likaigusa. Nilimsikiliza ndege peke yake, nikaacha mengine yapite. Pii, pii, pii-yo. Mwishoni, baada ya ile “yo”, kulikuwa na hewa kidogo, kama pumzi inayopita pasipo na kitu. Nikarudisha, ikapita tena vilevile. Hewa ile niliijua. Hemedi alianguka mtini mwaka wake wa kwanza wa kazi, akang'oka jino la mbele, na tangu siku hiyo kila alichokipulizia kilitoka na upepo pembeni.

Hapa inabidi nieleze jambo la kwetu. Kitabu cha ofisi kinaagiza mnasa apige makofi matatu mbele ya kinasa kila anapokwenda kukikagua, iwe alama ya kulinganishia rekodi za vinasa vyote. Sisi wa Kwembwizi hatupigi makofi msituni. Makofi ni ya kufukuzia nyani shambani. Ukiyapiga msituni ni kama umeingia nyumba ya mtu ukamfukuza mwenyewe. Tumelelewa hivyo. Hemedi aliona aibu kuwaeleza watu wa ofisi, akaona pia aibu kupiga makofi, basi akaweka alama yake: mluzi wa kishonamajani, mara tatu, kwa adabu. Hakuandika popote. Aliniambia mimi tu, akicheka, kwamba ndege wenyewe wanamjibu.

Nikafungua rekodi zake za zamani kwa spika ya jikoni. Mwaka wa kwanza: mluzi, halafu ndege wanajibizana mpaka unachoka kuwahesabu. Mwaka wa tano: mluzi, na jibu moja la mbali. Mwaka wa tisa: mluzi, halafu maji.

Riziki alikuwa anakata mchicha, kisu kikasimama. “Kaka huyo,” alisema, akaiacha sufuria mpaka ikaanza kuungua.

Nilimpigia Nsia simu. Sikumweleza la mluzi, nilimwuliza tu spika yake inafanyaje kazi, nikamwomba anieleze kama mtu aliyeishia darasa la saba. Akanieleza vizuri, Mungu ambariki. Alisema kinasa hakinasi kila kitu. Mvua inaziba, umeme unapungua, upepo unameza. Kwa hiyo spika kubwa imefundishwa. Imesikilizishwa zaidi ya siku elfu nne za msitu wetu, zote kazi ya mume wangu, mpaka ikajua msitu huu unavyopaswa kusikika. Ikikuta pengo, inalijazia kwa kile kilichozoea kuwepo.

“Inabahatisha?” nilimwuliza.

“Inakadiria, Mama. Na hapo kwenu inakadiria vizuri kuliko kokote. Kishonamajani yumo karibu kila rekodi, mwanzoni kabisa, safi kama yuko mbele ya kinasa.”

Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa chini jikoni. Niliyemtilia shaka sasa hakuwa spika. Miaka mitatu ya mwisho Hemedi alipiga mluzi na hakuna aliyemjibu, na kila mwaka alikuja akatamka kwamba alichosikia ndicho kilichopo. Je, alijua? Au naye aliisikia ile spika kubwa, akasema alhamdulillahi, ndege wapo, tatizo ni masikio yangu? Nilikaa na mtu huyu miaka ishirini na sita na nilishindwa kujijibu.

*

Nilimtuma Riziki kwa ustadhi aniulizie kama naweza kwenda msituni. Jibu likaja kwamba ushahidi ni haja, na mwenye eda anaweza kutoka mchana kwa haja yake, mradi arudi alale kwake. Asubuhi iliyofuata, jua lilipokwisha kupanda, nikavaa buibui, sikupaka chochote, tukatoka. Miguu ilikuwa imesahau mlima. Riziki alinisukuma kwa nyuma akisema kwamba spika zake angalau zina magurudumu.

Tulikaa chemchemini mpaka karibu na adhuhuri. Nilishika tasbihi lakini sikuivuta, ili shanga zisigongane. Nilisikia maji, na hayakuwa makubwa kama ya ofisini wala madogo kama ya jikoni. Nyenje walianza na kuacha kama walioambiwa. Nilitazama pia, kwa sababu kishonamajani hawezi kukaa mahali asishone. Niliinua matawi ya chini moja moja, nikitafuta majani mawili yaliyounganishwa kwa uzi wa buibui. Hapakuwa na hata jani moja lenye tundu la sindano yake.

Halafu nikamsikia. Pii, pii, pii-yo, upande wa kushoto, juu. Niligeuka haraka hata tasbihi ikadondoka. Nikamtazama Riziki. Riziki hakuwa amegeuka.

“Umesikia?” nilimwuliza.

“Nisikie nini, wifi?”

Nilisubiri, na hakuita tena. Mpaka leo ninavyoandika sijui kama masikio yangu yalisikia au yalijazia.

Wakati wa kushuka tulimkuta Mzee Kiondo ukingoni mwa shamba lake la iliki. Alisimamisha jembe, akatupa pole na kutuuliza tumetoka wapi. Nilimweleza. Akauliza kama nimemsikia ndege, na kabla sijajibu akainua kidole. “Huyo hapo,” akasema, uso umemng'aa. Tulisimama watatu. Mimi nilisikia upepo kwenye majani ya iliki. Lakini mzee huyu hakuwa anadanganya. Nimeona waongo wengi katika maisha yangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso ule.

*

Siku ya kiapo walijaa kuliko mara ya kwanza. Niliomba Nsia aingie kwanza chumbani peke yake, nikamweleza yote: makofi, mluzi, jino, na miaka mitatu bila jibu. Alisikiliza akiwa ameinamia mikono yake. Nilipomaliza akasema bila ndege huyo kipimo kitaanguka, na msitu ukiandikwa mfu wapandaji wataingia mvua zikiisha. Alisema hivyo kama mtu anayetamani asingeambiwa.

Halafu akashusha sauti. “Mama, kiapo hakisemi ulichokiona. Kinasema ulichosikia. Si ulimsikia, hapo sebuleni? Hata msituni umesema ulimsikia.”

Ilikuwa kweli. Hakunitaka niseme uongo hata wa neno moja. Nilifikiria chemchemi, nikawafikiria wanawake wa ng'ambo na ndoo zao. Nikamfikiria Hemedi, kwamba ndege huyo akiondolewa spikani, pumzi yake nayo inaondoka, na kwenye ile spika sitamsikia tena. Nilikaa nikiomba Mungu anionyeshe, na hakunionyesha kitu. Nilichokuwa nacho ni kwamba Siku ya Kiama nitaulizwa, na sitaulizwa nilikuwa na spika gani.

Nilisimama nyuma ya pazia nikawaambia wote. Nilisema ndege mnayemsikia ni mume wangu.

Minong'ono ikaanza. Mzee Kiondo akaja mpaka mlangoni, akageuzia uso ukutani kwa heshima. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

“Bi Mwanahawa. Hemedi ameapa mara kumi na moja. Leo unataka kumfukua umwambie hadharani kwamba ni mwongo?”

“Sijui kama alijua, Mzee wangu. Namwombea awe hakujua. Lakini mimi najua.”

“Na maji? Watoto watakunywa ukweli wako?”

Nilimwomba Nsia aiambie spika iache kujazia. Akasema inawezekana, ila inahitaji kidole cha shahidi, na ikishasahau haikumbuki tena. Akaniletea kibao cha kuwekea kidole chini ya pazia. Kidole changu kilikuwa na unga wa ngano, ikabidi nikifute mara mbili ndipo kikakubalika.

Akaipiga rekodi. Maji yakaja karibu, kama siku ile, makubwa na mazuri. Upepo, nyenje, nyuki. Ikafika dakika ya nane. Wote tulijua mahali pake, nikaona kwenye upenyo wa pazia vichwa vya wanawake vikiinuka kidogo, vikingoja. Upepo ukapita. Maji yakaendelea. Chura akalia mara moja. Nsia aliiacha iende mpaka mwisho.

Mzee Kiondo bado alikuwa ameutazama ukuta. “Tangu lini?” aliuliza.

Tuliishi wote chini ya msitu ule, tuliteka maji yake kila siku, na hakukuwa na hata mmoja wetu aliyeweza kutaja mwaka.

Nsia alifungua fomu yake akaitazama muda mrefu. Akasema ina mahali pa hai na mahali pa mfu, na haina mahali pa shahidi anayeipinga spika, kwa sababu haijawahi kutokea. Hajui ofisi itaamua nini. Anavyodhani wataandika mfu, ingawa ushahidi wa mtu mmoja ni mwepesi, na wanaweza pia kusema nimechanganyikiwa na msiba, wakauacha hai. Nilimwambia hapo hawatakuwa wamekosea sana.

Mzee Kiondo alivaa kofia yake akatoka. Nilisikia viatu barazani, jozi baada ya jozi, vikimfuata. Nikadhani wamenisusa.

*

Haja yangu ya kutoka ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nilibaki ndani. Ilikuwa alasiri. Nsia hakuwa ameondoka. Alikaa nami jikoni, fomu tupu mapajani. Riziki aliingia akihema, akasema wanaume wote na nusu ya wanawake wamepanda msituni, na Kiondo amekataza mtu kubeba hata simu.

Niliviwasha vinasa kutoka nyumbani. Kwa spika ndogo, ile iliyopasuka, tuliwasikia wakifika: majani yakikanyagwa, mzee akipumua kwa shida, mtu akinong'ona kaa hapa. Halafu wakatulia. Sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakiwa kimya nje ya msikiti. Maji yalikwenda, nyenje wakaanza, wakaacha, wakaanza. Chai ya Nsia ilipoa. Jua lilihama kutoka kizingitini hadi kwenye pipa.

Kisha sauti ikaja karibu kabisa na kinasa, ya chini, yenye kukwaruza.

“Bi Mwanahawa, najua unasikia. Ni mimi, Kiondo Mhina. Nimekaa nimesikiliza. Sijamsikia.” Akasogea karibu zaidi. “Andika na jina langu.”

Nsia alinitazama. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba mashahidi wakizidi, hakuna tena atakayesema ni kuchanganyikiwa kwa mjane mmoja, na kila jina litakaloongezeka linausogeza msitu mbali na mikono yetu. Hata yeye mzee alilijua hilo. Nilivuta daftari la madeni ya biashara ya Riziki, nikalifungua nyuma, palipokuwa peupe.

Akaja mwingine, mwanamke, akataja jina lake na la baba yake, akasema hajamsikia. Akaja mwingine. Walikuwa wanapanga foleni mbele ya mti, nasikia miguu yao ikisogea. Niliandika polepole, kwa mwandiko wangu wa shule ya msingi, ukurasa ukajaa, nikageuza wa pili.